Mla-sisimizi Mkubwa wa Amerika ya Kusini

Katika mazungumzo haya twataka kuwaelezeni habari za mnyama mmoja ambaye haonekani porini katika Afrika, wala Ulaya, wala Asia. Makao yake ni bara la Amerika tu, tangu nchi ya Honduras iliyo katikati ya bara lile, mpaka upande wa kaskazini wa nchi ya Argentina. Lugha yetu haina jina lake la asili, maana wazee wetu hawakumwona. Basi na tumpe jina kwa kazi yake, tumwite Mla-sisimizi Mkubwa. Watu wa Brazil, ambao husema Kireno, humwita tamanduá-bandeira. Neno la kwanza walilipokea kwa wenyeji wa zamani wa nchi ile, na neno la pili maana yake ni bendera, kwa sababu ya mkia wake upepeao nyuma yake. Wenyeji wasemao Kiguarani humwita yurumi, yaani mwenye mdomo mdogo. Naye mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alipoandika orodha yake ya wanyama wote, mwaka 1758, alimpa jina la kitaalamu, Myrmecophaga tridactyla, ambalo maana yake ni mla sisimizi mwenye vidole vitatu. Ingawa kwa kweli mguu wake wa mbele una vidole zaidi ya vitatu, ila si vyote vyenye makucha makubwa.

Pengine atatokea mtu aulize, "Mnyama wa mbali hivi atuhusu nini sisi?" Jawabu zetu ni mbili. Ya kwanza, sisi wenyewe tunao muhanga na kakakuona, nao wafanya kazi ile ile afanyayo yule, na mtu akimjua mmoja huzidi kuwaelewa wengine. Ya pili, hatari zimpatazo mnyama huyu kwao ni moto, na barabara, na imani za watu zisizo na msingi. Na mambo haya matatu hayakosekani kwetu.

Kwanza tutazame umbo lake. Mla-sisimizi Mkubwa, tangu ncha ya pua mpaka ncha ya mkia, hufikia futi 6 au 7, na uzito wake waweza kupita kilo 40, yaani kama ratili 90. Lakini urefu ule usiwadanganye. Sehemu kubwa ni mkia, wenye nywele ndefu ngumu zishukazo karibu kugusa nchi, na sehemu nyingine ni kichwa. Na kichwa chenyewe ni cha ajabu: hakina umbo la kichwa cha mbwa wala cha nguruwe, bali ni kama mrija uliopindika kidogo, ulio mnene upande wa shingo na mwembamba upande wa pua. Macho ni madogo, masikio ni madogo na ya mviringo, na mdomo ni tundu dogo tu mwishoni mwa mrija ule. Rangi yake ni ya kijivujivu na hudhurungi, na toka kooni hupanda mlia mweusi mpana, wenye kingo nyeupe, mpaka juu ya mabega. Miguu ya mbele ni myeupe-myeupe. Mtu amwonapo mara ya kwanza kwa mbali, hashiki upesi upande upi ni wa mbele na upande upi ni wa nyuma.

Katika kinywa chake hamna hata jino moja. Mnyama mwenye kilo 40 asiye na jino, basi aishije? Siri yake ni ulimi. Ulimi huo ni mwembamba kama penseli, nao waweza kutoka nje yapata sentimita 60, yaani zaidi ya dhiraa moja. Kwetu sisi wanadamu mizizi ya ulimi i kooni. Kwake yeye misuli iuvutayo ulimi hushuka chini kupita kooni na kushikwa na mfupa wa kifua. Kwa hiyo aweza kuutoa na kuurudisha kwa wepesi mwingi, hata mara 150 katika dakika moja. Na kila utokapo, hutoka umelowa mate yanatayo kama ulimbo. Watoto wetu hutega ndege kwa ulimbo wakingoja waje. Mnyama huyu huubeba ulimbo wake na kuupeleka mpaka ndani ya nyumba ya adui.

Tena taya zake hazifunguki kama zetu, kwenda juu na chini. Mifupa miwili ya taya la chini hupinduka kidogo, huyu huku na huyu huku, na njia ya ulimi hufunguka na kufungika kwa upesi ule ule. Sisimizi walionaswa hukwaruzwa juu ya kaakaa, kisha humezwa. Kazi ya kuwasaga imeachiwa tumbo. Sisi sote twaijua firigisi ya kuku, jinsi ilivyo nene na ngumu ndani, na jinsi kuku amezavyo vijiwe vidogo ili visaidie kusaga. Tumbo la Mla-sisimizi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: lina sehemu ngumu yenye misuli mingi, na mchanga na udongo uingiao pamoja na chakula husaidia kusaga. Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili, kwamba ule ukali uliomo mwilini mwa sisimizi, ule utuumao tunapong'atwa, ndio humsaidia kuyeyusha chakula chake. Silaha ya adui imekuwa dawa ya mlaji.

Sasa tumfuate kazini. Macho yake hayaoni mbali, lakini pua yake ni kali mno. Huenda polepole, pua karibu na nchi, akinusa-nusa. Akipata kichuguu, au shimo la sisimizi, husimama, akachimba kwa makucha ya mguu wa mbele tundu lipatalo kupitisha mrija wa pua. Havunji kichuguu chote. Hutia ulimi ndani, na kwa muda mfupi, mara nyingi usiotimia hata dakika moja, hula watumishi na majana kadiri awezavyo. Mara askari wa kichuguu wanafika, wenye taya kali au wenye maji yachomayo, wanamwuma ulimi na pua. Basi huondoka. Hukwenda kutafuta kichuguu cha pili, kisha cha tatu, na hivyo hivyo kutwa. Na jamii za sisimizi na mchwa ambazo askari wao wana taya kubwa sana, hizo hujiepusha nazo, asizisumbue.

Wataalamu hukadiria kwamba kwa siku moja aweza kula wadudu wapatao 30,000. Haba na haba hujaza kibaba; hapana mnyama aonyeshaye ukweli wa methali hii kuliko yeye. Lakini iko methali nyingine, isemayo kwamba chovya-chovya humaliza buyu la asali. Hii yeye ameishinda, kwa kuwa hachovyi katika buyu moja. Achovya hapa kidogo, na pale kidogo, na kila kichuguu akiachacho kina malkia wake mzima, na watumishi wa kutosha kuziba tundu lile. Arudipo baada ya siku kadhaa, hukuta nyumba imekwisha tengenezwa na ghala imejaa tena. Tusiseme kwamba amefikiri kama mkulima afikirivyo juu ya mbegu. Pengine ni kuumwa tu na askari kunakomfukuza. Lakini faida ni ile ile: askari huilinda nyumba yao, na kwa kuilinda humhifadhia adui yao chakula cha kesho.

Wadudu hawa ni wengi, lakini nguvu iliyomo katika kila mmoja ni kidogo, na udongo umezwao pamoja nao hauna faida ya chakula. Basi mnyama alaye chakula namna hii hapana budi aishi kwa uangalifu wa matumizi, kama mtu mwenye mshahara mdogo. Na ndivyo alivyo. Joto la mwili wa mwanadamu mwenye afya ni kama digrii 37. Joto la Mla-sisimizi ni kama 33 tu, nalo ni dogo sana miongoni mwa wanyama wanyonyeshao. Moto wa mwili wake huwaka polepole ili kuni zisiishe. Huenda polepole, na katika siku moja aweza kulala saa 14 au zaidi.

Tena huyachagua masaa yake kwa kadiri ya hewa. Katika mbuga za Pantanal, zilizo magharibi ya Brazil, siku za joto kali hujificha vivulini katika vichaka na misitu midogo, akatoka kutafuta chakula usiku. Siku za baridi hutoka mchana, apate kuota jua, na usiku akalala. Hana pango wala tundu. Hukwangua nchi kidogo, akafanya kibonde, akalala ubavu, kisha akaugeuza mkia wake mkubwa na kujifunika nao mwili mzima. Mkia ule ndio blanketi yake wakati wa baridi na mwavuli wake wakati wa jua. Nao humficha machoni pa maadui, maana akilala hivyo hafanani na mnyama, hufanana na chungu ya majani makavu.

Makucha yake ya mbele ni marefu, hata inchi 4 yale makubwa, nayo yakisuguana na nchi yangeisha makali. Kwa sababu hiyo haendi kwa nyayo za mbele. Huyakunja makucha ndani na kukanyaga kwa vifundo vya vidole, kama mtu aliyekunja ngumi. Aendapo huonekana kama achechemea, na watu wengi wamemdharau kwa mwendo ule. Jagwa, yaani yule mnyama mkubwa wa Amerika afananaye na chui, hamdharau, ingawa humwinda. Mla-sisimizi akizuiliwa njia husimama kwa miguu ya nyuma, akiegemea mkia, mikono ameinyosha wazi kama mtu akumbatiaye ndugu yake. Anayeingia katika kumbatio lile hupasuliwa. Huko Brazil wawindaji wawili walikufa kwa majeraha ya namna hiyo, mmoja mwaka 2010 na mmoja mwaka 2012. Walakini si mnyama mgomvi. Akisikia harufu ya mtu mapema huondoka. Na mmoja wa wale wawili alidhuriwa na mnyama aliyefuatwa na mbwa, akakosa njia ya kutokea.

Huishi peke yake. Dume na jike hukutana kwa muda mfupi, kisha kila mmoja hushika njia yake. Na kwa kuwa dume na jike wafanana sana, hata mtu aliyewazoea hawezi kuwatambua kwa upesi, imekuwako hadithi katika sehemu za Amerika ya Kusini kwamba jamii hii haina madume kabisa. Hadithi hiyo si kweli. Madume wako, ila viungo vyao vya uzazi vimefichwa ndani ya mwili.

Mimba yake huchukua yapata siku 190, na mtoto azaliwaye ni mmoja tu. Mtoto huyo huzaliwa na macho yaliyofumba, na uzito wake ni kilo moja na kitu. Muda si mwingi hupanda mgongoni mwa mama yake, na hapo mgongoni ndipo makao yake kwa miezi mingi, hata sita au tisa. Naye amekwisha vaa nguo kama za mama: mlia mweusi wenye kingo nyeupe umo mabegani mwake tangu kuzaliwa, na akaapo sawasawa juu ya mgongo, mlia wake huungana na mlia wa mama, hata mtazamaji asiyekaribia huona mnyama mmoja. Akina mama wa kwetu wabebao watoto mgongoni kwa kanga watamfahamu mama huyu vizuri, aendaye kutafuta chakula na mzigo wake mpenzi juu yake, kichuguu hata kichuguu. Baadaye mtoto hushuka, akajifunza kunusa na kuchimba, na mwisho huachwa ajitegemee. Lakini hazai mpaka amefika miaka miwili na nusu, mitatu au minne. Twaomba mlishike neno hili: mtoto mmoja kwa mara moja, na kungoja kwingi kabla ya kuzaa. Tutalirudia mbele.

Wanafunzi wetu wa ualimu, kila tufikapo katika somo la wanyama hawa, huuliza swali moja: "Je, Mla-sisimizi ni ndugu wa muhanga wetu?" Swali ni jema. Wote wawili wana pua ndefu, wote wana ulimi mrefu unatao, wote wana makucha ya kuchimba, wote hula mchwa. Naye kakakuona vile vile ana ulimi mrefu na makucha, wala hana meno. Mtu angedhani hao watatu ni wana wa baba mmoja. Lakini sivyo. Wataalamu waliochunguza mifupa yao, na baadaye damu na mbegu za urithi zilizomo mwilini, wameona kwamba jamaa wa karibu wa Mla-sisimizi ni wale wanyama wa mitini wa Amerika waendao polepole kupita kiasi, hata wakapewa jina la uvivu. Na jamaa wa mbali kidogo ni armadilo, avaaye gamba gumu mgongoni. Muhanga ni wa ukoo mwingine kabisa, wa Afrika, na katika ukoo ule wamo tembo, na pimbi, na nguva wa baharini. Tena muhanga anayo meno, ingawa ni ya namna ya peke yake. Na kakakuona, pamoja na magamba yake, yu karibu zaidi na paka na mbwa kuliko alivyo karibu na hao wawili.

Basi mfanano huu umetoka wapi? Umetoka katika kazi. Fundi seremala wa Zanzibar na fundi seremala wa Brazil hawajapata kuonana, wala si ndugu, lakini ukifungua sanduku la huyu na sanduku la huyu utakuta misumeno, na randa, na patasi. Kwa kuwa mbao ni mbao, na kazi ya mbao yataka vyombo hivyo. Na kichuguu ni kichuguu, Afrika na Amerika. Alaye mchwa ataka kitu cha kuvunjia ukuta, na kitu chembamba kirefu cha kuingiza ndani. Kwa vizazi vingi sana, waliokuwa na ulimi mrefu kidogo na makucha yenye nguvu kidogo kuliko wenzao walipata chakula zaidi na kuacha watoto zaidi, hata umbo likafika hapa tulionapo leo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba jambo hili la wanyama wanyonyeshao kugeuka kuwa walaji wa sisimizi na mchwa tu limetokea si chini ya mara 12, kila mara mbali mbali. Kwa hiyo mfanano wa sura si ushahidi wa udugu. Hili ni somo kubwa katika elimu ya viumbe, na mwalimu afundishaye kwa kutazama sura tu atawapoteza wanafunzi wake.

Sasa tuje katika mambo ya kusikitisha. Mnyama huyu aliyekuwa ameenea katika nchi nyingi amepungua sana, na katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ameandikwa miongoni mwa waliomo hatarini. Katika nchi ya Uruguay hayupo tena, na katika nchi za Amerika ya Kati amekuwa adimu mno. Sababu ni nyingi, lakini tutazitaja zilizo kubwa.

Sababu ya kwanza ni kupunguka kwa makao. Katikati ya Brazil iko nchi pana ya nyika, yenye majani marefu na miti iliyotawanyika, iitwayo Cerrado. Mwenyeji wa Serengeti akiiona hataiona ngeni sana. Nyika hiyo ndiyo nyumba kubwa ya Mla-sisimizi, na katika muda wa miaka michache kupita 50 yapata nusu yake imekatwa na kulimwa, hasa soya, au kugeuzwa malisho ya ng'ombe.

Sababu ya pili ni moto. Katika jimbo la Goiás liko pori la hifadhi liitwalo Emas, maarufu kwa wingi wa vichuguu. Mwanzo wa masika, usiku, vichuguu vile hung'aa nuru ya kijani kibichi, maana ndani ya kuta zake hukaa majana ya mdudu mmoja mwenye mwanga, wanaotega wadudu warukao. Ni mahali pa ajabu, na ni mahali pa chakula tele. Lakini mwaka 1994 moto mkubwa ulipita pale, na Wala-sisimizi zaidi ya 300 wakateketea. Yale yale yanayomhifadhi siku zote ndiyo yaliyomwangamiza siku ile: nywele ndefu kavu hushika moto upesi, mwendo wa polepole haukimbizi miali, na alalaye amejifunika mkia hazinduki mpaka moto umefika. Mwaka 2020 moto uliunguza zaidi ya robo ya mbuga za Pantanal, na huko nako wengi walikufa au kuungua nyayo. Moto wa nyika si jambo la Brazil tu. Twaujua sisi, tuwashao majani mwisho wa kiangazi ili yachipuke mapya, kisha upepo ukageuka.

Sababu ya tatu ni barabara. Katika jimbo la Mato Grosso do Sul malori ya mavuno hupita usiku na mchana, na Mla-sisimizi, asiyeona mbali, huvuka polepole. Tangu mwaka 2017 wako wataalamu waliofanya kazi ya kuhesabu mizoga njiani, na kuwafunga wanyama wazima vyombo vya kuonyesha waendako, ili ijulikane wapi pa kuweka uzio na wapi pa kufanya njia ya chini ya barabara. Hao wataalamu walipozungumza na madereva waligundua jambo la kuhuzunisha. Wako watu waaminio kwamba kukutana na mnyama huyu ni kisirani, na ya kuwa asiyemwua atapatwa na balaa safarini. Hivyo dereva ambaye angeweza kumkwepa, hakumkwepa.

Tusiwacheke. Kwetu kakakuona huhesabiwa kuwa mnyama wa heri, na mahali pengine akionekana huitwa mkutano, akawekewa mbele yake maji, na nafaka, na silaha, ili atabiri mwaka utakuwaje. Huko mnyama husukumwa afe kwa kuwa ni mkosi. Huku hushikwa kwa kuwa ni bahati. Na wako wamwuao kwa ajili ya magamba yake, ambayo hupelekwa ng'ambo kuwa dawa. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kakakuona wa namna zote baina ya nchi na nchi. Lakini magamba yale ni kitu kile kile ambacho kucha zetu zimefanywa nacho, wala hayana dawa kuliko kucha tuzikatazo na kuzitupa. Mnyama hajui mwaka kesho utakuwaje, wala hana mkosi. Anajua mchwa wako wapi, basi.

Na hapa ndipo turudie lile neno tuliloomba mlishike. Panya akiuawa, mahali pake hujazwa kabla ya mwezi kwisha. Mla-sisimizi jike akifa barabarani, huenda mtoto yuko mgongoni, naye hufa pamoja naye. Na kumpata mwingine wa kushika mahali pake kwahitaji mimba ya miezi sita, kubebwa miezi mingi, na kungoja miaka. Na hivyo hivyo kakakuona wetu, ambaye naye kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Wanyama wa namna hii hawaishi kwa wingi wa kuzaa. Huishi kwa kutokufa ovyo. Vifo vichache vya kuongezwa kila mwaka, ambavyo mtu aweza kuviona si kitu, vyatosha kukausha mbuga nzima.

Hata hivyo habari haziishii kwenye huzuni. Katika jimbo la Corrientes, kaskazini ya Argentina, kuna eneo kubwa la maji na majani liitwalo Iberá. Mla-sisimizi alikuwa amekwisha toweka huko, watu wakamjua kwa hadithi tu. Ndipo watu wenye juhudi walipoanza kuwakusanya watoto yatima kutoka majimbo mengine, wale ambao mama zao walikuwa wameuawa na wawindaji au na mbwa, wakawalea kwa maziwa ya chupa, wakawafundisha kula, na mwaka 2007 wakaanza kuwarudisha porini huko Iberá. Wale yatima walikua, wakazaa, na watoto wao nao wamezaa. Leo mtu aendaye Iberá aweza tena kumwona mama akipita katika majani, mtoto mgongoni, mlia na mlia umeungana.

Wasikilizaji wetu, mambo tuliyoyasema yametoka mbali, lakini kazi ya kutenda yaweza kuanzia karibu. Atakayewasha moto shambani autazame upepo kwanza, na kuulinda mpaka umezimika. Dereva apitaye usiku katikati ya pori apunguze mwendo. Mwalimu akisikia darasani habari za heri ya kakakuona au mkosi wa mnyama fulani, asimkemee mtoto, amwulize, "Umejuaje?" na wachunguze pamoja. Na yeyote atakayekuta shimo jipya la muhanga ubavuni mwa kichuguu, akumbuke kwamba ng'ambo ya bahari yuko mwenzake katika kazi, asiye ndugu yake, naye usiku ule ule amechovya kidogo, akaacha ghala ya watu salama, akaenda zake.